Mji Aliopewa Bi. Siwatu

Sogeeni karibu. Aliye mbali hatasikia, na aliye karibu asimkalie mwenzake kanga. Habari hii ni ya nchi ya Hewala, na Hewala haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo asije mtu akaniambia amewahi kupita pale. Ukiona panafanana na mahali unapopajua, hayo ni macho yako, nenda ukapimwe.

Hewala ilikuwa nchi ya watu wapole, wachapakazi, wenye kusalimiana. Ilikuwa na aibu moja tu. Watu wake hawakujua kushangaa.

Kila jioni Redio Fahari ilikuwa ikitangaza habari za sayansi na teknolojia. Ikatangaza kwamba wataalamu wa ng'ambo wamegundua maji mwezini. Kinyozi akaendelea kunyoa. Mzee aliyekuwa kitini, kichwa nusu kina nywele na nusu kinang'aa, akasema, "Basi bomba likishuka, lipitie huku kwetu." Ikatangazwa kuna simu inayokunjwa katikati. Mama mmoja kwenye foleni ya mashine ya kusaga akasema, "Hata kanga inakunjwa, mbona haijatangazwa?" Ikatangazwa kuna mashine inayojibu swali lolote la duniani. Watu wakaambiana, "Hebu iulizwe umeme wetu unarudi lini." Kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao ya mchicha.

Maneno haya yalipomfikia Baba Mkuu wa Hewala, yalimchoma. Akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "wenzetu wanabuni. Sisi hatubuni, na hilo nalikubali kwa moyo mkunjufu. Lakini ni nani aliyesema kazi ya kubuni ni kubwa kuliko kazi ya kushangaa? Mtu aliyebuni kitu akakosa wa kumshangilia ni sawa na bwana harusi aliyekosa vigelegele! Wao wabuni. Sisi tushangae. Na ninatangaza leo kwamba Hewala itaongoza dunia nzima kwa kushangaa!"

Watu wakapiga makofi, maana makofi walikuwa wanayajua.

Ikaundwa Wizara ya Mwitikio wa Wananchi. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Dokta Kanyelele, mtu mnene wa sauti, aliyesomea kushangaa katika vyuo vya nchi za baridi. Dokta Kanyelele akapitisha kwamba mwananchi akisikia habari ya sayansi anaruhusiwa kusema mambo matatu tu. La kwanza, "Lo!" La pili, "Haa!" La tatu, kwa wenye pumzi ndefu, "Dunia imefika mbali, na Baba Mkuu yuko mbele yake!"

Kuuliza "Itatufikia lini?" hakukuhesabiwa kuwa mshangao. Kuliandikwa chini ya tamaa.

Wakaajiriwa wakaguzi, kila mji mkaguzi wake, na kila mkaguzi akapewa kijiti cha kupimia mdomo. Mdomo wa vidole viwili ulikuwa mdomo wa mvivu. Vitatu, mwananchi mwema. Vinne, mzalendo. Wazee wasio na meno walisamehewa kipimo, kwa kuwa ilionekana wameshangaa muda wote.

*

Sasa twende Kitopeni.

Kitopeni ulikuwa mji mdogo wenye soko moja, zahanati moja, na daraja moja la kisheria. Daraja la kisheria ni hivi. Zamani waziri mmoja aliahidi redioni kuwajengea watu wa Kitopeni daraja juu ya mto wao. Watu, kwa kukosa adabu, wakawa wanaliulizia. Bunge likaketi, likaona tatizo si daraja, tatizo ni kuulizia. Likatunga Sheria ya Ahadi: neno lolote la waziri akilisema redioni lihesabiwe limetimia papo hapo, na lisirudi kinywani milele. Tangu siku hiyo Kitopeni wakawa na daraja. Aliyeonekana anavuka kwa kukunja suruali na kuingia majini alitozwa faini kwa kulidharau.

Katika mji huo aliishi Bi. Siwatu, mjane, bibi wa watu, mwenye ulimi mwepesi na mkono mwepesi zaidi. Alikuwa akikaa na binti yake Zena na mtoto wa Zena, Kibwana, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, anayeokota kila kitu na kukitia mdomoni. Bi. Siwatu alimpenda mtoto yule kama mtu anayependa kitu alichowahi kunyang'anywa. Maana kabla ya Zena alikuwa na mwana wa kiume, na surua ilimchukua, enzi ambazo sindano zilikuwa bado hazijafika Kitopeni.

Siku hizi zilikuwa zimefika. Wahisani fulani walileta jokofu kwenye zahanati, si jokofu la umeme, jokofu la jua. Juu ya paa waliweka vioo vyeusi vinavyokunywa jua kutwa, nyaya zikashuka ukutani, na chini jokofu likakaa kimya na baridi yake, limebeba chanjo za watoto. Nesi Veneranda, muuguzi wa pale, alilifuta kila asubuhi kwa kitambaa safi kuliko alichofutia meza yake.

Halafu Wizara ya Mwitikio ikasikia.

Likaja lori. Mwenye lori alikuwa na barua, na barua ilikuwa na maneno ya hekima: "Ajabu haliwezi kuachwa mahali linapotumika. Likitumika litazoeleka, na likizoeleka halitashangaza tena." Basi wakalibeba jokofu, wakalipeleka mji mkuu, kwenye Nyumba ya Maajabu, wakalifunga utepe mwekundu na kuliweka ukumbini chini ya taa kubwa. Vile vioo vya paani waliviacha Kitopeni. Walidhani ni mabati.

Huko ukumbini, bila jua, jokofu likawa na joto kama kabati la nguo. Lakini hakuna aliyejua, maana ilikuwa marufuku kulifungua.

*

Jioni moja Redio Fahari ikapiga tarumbeta, ikatangaza: "Ndugu wananchi, sayansi imepiga hatua! Limepatikana jokofu linalopoza kwa nguvu ya jua! Sasa laweza kutazamwa na kila mwananchi atakayefika mji mkuu!"

Mkaguzi wa Kitopeni, kijana wa pale pale aitwaye Pazi, alikuwa amesimama barazani kwa Bi. Siwatu, kijiti mkononi. Bi. Siwatu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Bibi," Pazi akasema, "habari imetoka."

"Nimeisikia. Hilo letu."

"Sema 'Lo', bibi."

"Nitasemaje 'Lo' kwa kitu changu? Wewe ukiona sufuria ya mama yako unashtuka? Jokofu hilo lina mkwaruzo mlangoni, alilikwaruza beberu wa jirani Shemdoe siku lilipoletwa. Na wewe Pazi, si ulikuwa mmoja wa waliolibeba? Ulishika kwa nyuma, ukalia kiuno siku nzima."

Pazi akatazama kushoto na kulia. "Bibi, wakati huo nilikuwa sijaajiriwa."

"Ndiyo maana ulikuwa na akili. Kaa ule uji."

Pazi akakaa, akala uji, maana kazi ni kazi na njaa ni njaa. Lakini alipomaliza aliandika: mdomo wa Bi. Siwatu, haukufunguka isipokuwa kwa kusema.

Nesi Veneranda naye akaingia, kachoka, viatu mkononi, sketi imelowa maji ya lile daraja la kisheria. Alikuwa ametoka wilayani kufuata chanjo. Aliitia kwenye chupa ya chai yenye barafu. Njiani barafu ikayeyuka.

"Imeharibika tena," akasema. "Bibi, chanjo ni kama maziwa, ikishapata joto haifai. Na mimi siwezi kumdunga mtoto wa mtu maji, nikamwambia mama yake nimemkinga."

Zena akamvuta Kibwana mapajani. "Na Mawe Matatu wanasemaje?"

Mawe Matatu ulikuwa mji wa jirani, ng'ambo ya kilima.

"Surua imeingia," Nesi akasema. "Wamezika wawili."

Hakuna aliyesema "Lo". Kibwana alikuwa anatafuna kijiti cha Pazi. Bi. Siwatu akauacha mchele, akamtazama mtoto yule, akasema, "Basi hilo jokofu litarudi."

"Litarudije, mama?" Zena akauliza. "Tumeandika barua hadi kalamu imekauka. Wanatujibu tumshukuru Waziri."

"Barua wanazijua. Tutatumia kitu wasichokijua."

*

Matokeo ya kushangaa yalipotangazwa, Kitopeni ikawa ya mwisho nchi nzima. Dokta Kanyelele akaona hii ni nafasi ya kuonyesha elimu yake. Akatangaza kwamba atakwenda Kitopeni yeye mwenyewe, na Redio Fahari itarusha moja kwa moja, taifa lisikie anavyowaponya watu wasioshangaa.

Akaja na magari. Yalipofika mtoni yakasimama. Dereva akaangalia maji, akaangalia karatasi ya serikali iliyoonyesha daraja, akaangalia maji tena. Ikabidi Mheshimiwa abebwe mgongoni hadi ng'ambo, na aliyembeba akatozwa faini.

Uwanjani pakajaa watu. Waziri akaketi kwenye kiti cha velveti, pembeni yake mshauri wake, Dokta wa vitabu, mrefu, mkavu kama mwiko. Mbele yake akakalishwa Bi. Siwatu kwenye kigoda, kama mgonjwa.

"Mama yangu mpendwa," Waziri akaanza, mdomo kwenye kipaza sauti, "nasikia mambo ya dunia hayakusisimui."

"Yananisisimua, baba. Ila yakipita mbele ya mlango wangu yanaenda mbio."

Watu wakacheka. Waziri naye akacheka, kwa kuwa alikuwa redioni.

"Sasa hebu nikufundishe. Nikikuambia kwamba kuna jokofu…"

"Mheshimiwa, niwie radhi," Bi. Siwatu akamkata kwa upole, "sisi watu wa huku hatujui habari za tarumbeta. Kwetu jambo la ajabu linaanza hivi." Akakohoa kidogo. "Kitendawili!"

Uwanja wote ukamgeukia Waziri.

Waziri alikuwa mtoto wa mtu, alilelewa na bibi kama sote, na neno lile lilimtoka kabla mshauri hajamshika mkono: "Tega!"

"Nina mgeni nyumbani. Mgongoni anaota jua, tumboni anatetemeka kwa baridi, na akihama watoto wanaugua."

Wewe umeshajua? Nyamaza basi. Kitopeni nzima nayo ilijua. Watoto waliokuwa mbele wakajiziba midomo kwa mikono miwili, mabega yanawacheza. Ila Waziri alikuwa amelijua jokofu kwa utepe wake tu.

"Mgonjwa wa malaria!" akasema.

"Siye."

"Mamba?"

"Mamba akihama watoto wanaogelea, baba. Siye."

Mshauri akainama, akanong'ona kwamba kwa kanuni, waziri hajibu swali kabla kamati haijaketi. Lakini watu walikwisha kuanza, kwanza wachache, halafu wote, wanapiga makofi kwa mpigo mmoja: "Toa mji! Toa mji! Toa mji!"

Maana mila yetu si mnaijua: aliyeshindwa kitendawili hutoa mji. Na mtegaji akiona mji haumfai anaukataa, mpaka apewe anaoupenda. Ndiyo utamu wenyewe.

Waziri, akitaka aonekane mtu wa watu, akatupa mikono juu. "Haya, mama! Nakupa mji mkuu wetu!"

"Siutaki. Una foleni."

"Nakupa Bandari Mpya!"

"Siutaki. Bado haujajengwa."

Watu wakaangua kicheko, wengine wakakaa chini kabisa. Waziri jasho likamtoka. "Basi, mama, nakupa Kitopeni! Kitopeni yote na kila kilicho chake!"

"Nimeupokea," akasema Bi. Siwatu, akanyanyuka kwenye kigoda, akajifunga kanga vizuri.

Mshauri akafunga macho.

*

Jibu la kitendawili hutolewa baada ya mji kupokewa na mtegaji kuutembelea, hilo nalo mnalijua. Waziri akaondoka mgongoni kwa mtu kama alivyokuja, bado anatabasamu, akidhani mchezo umekwisha. Alipofika ofisini akamkuta mwanasheria wa serikali ameshika kichwa.

"Mheshimiwa, umesema redioni."

"Nimesema nini?"

"Umetoa mji. Sheria ya Ahadi. Neno la waziri limetimia papo hapo na halirudi kinywani. Kitopeni si yetu tena."

"Ulikuwa mchezo!"

"Na daraja lilikuwa kampeni, Mheshimiwa. Sheria haikutenga."

Wakataka kumkamata Bi. Siwatu. Ikaonekana haiwezekani, kwani kituo cha polisi cha Kitopeni sasa kilikuwa chake, na mkuu wa kituo alikuwa amekwenda kwake asubuhi kumwuliza aripoti kwa nani. Bi. Siwatu alimwambia aripoti kwa mke wake kwanza, yaonekana hajala. Halafu akatoa amri yake ya kwanza na ya pekee: anayevuka mto kwa miguu yake asitozwe faini.

Akaitwa mzee wa bunge anayejua mila. Akasema, "Mji wa kitendawili ni wa kuazima. Jibu likitoka, mji unarudi kwa mwenyewe. Mwambieni atoe jibu." Wakapiga simu Kitopeni. Bi. Siwatu akajibu, "Kwa furaha kabisa. Nikishapokea mji wote. Mji wenye pengo haujatolewa, na mji usiotolewa hauna jibu."

Basi wakaona njia ya mkato ni kulitafuta jibu wenyewe. Ikaundwa kamati. Profesa wa anga akasema jibu ni sayari iliyo karibu na jua. Mtu wa usalama akasema ni wapinzani, kwa kuwa kila jibu lake huwa ni wapinzani. Mshauri mkavu akaenda kuiuliza ile mashine inayojibu swali lolote duniani. Mashine ikamjibu kwa adabu kubwa, majibu mengi, yote yenye kupendeza, hakuna hata moja la kweli. Mwisho ikamwuliza kama angependa atungiwe na shairi. Akatungiwa. Lilikuwa shairi zuri.

Hakuna aliyemwuliza mtoto yeyote wa Kitopeni. Kuuliza, kumbukeni, ilikuwa tamaa.

Na kitu cha ajabu kikatokea Hewala. Watu wakaacha mchicha. Kwa kinyozi, mashineni, kisimani, kila mtu alikuwa anauliza, "Mgongoni jua, tumboni baridi, ni nani huyo?" Baba Mkuu mwenyewe alisimamisha kikao cha baraza, akatazama dari, akasema, "Si mamba kweli?" Nchi nzima ikawa inawaza kitu kimoja, bila kijiti wala mkaguzi. Wizara haikulipima hilo. Haikuwa na fomu yake.

*

Huko Kitopeni lakini hakuna aliyekuwa anacheka sana. Surua ilikuwa imeshuka kilima. Mtoto wa kwanza wa nyumba za juu alitoka vipele. Bi. Siwatu alikuwa akiamka anamgusa Kibwana paji la uso kabla hajagusa maji ya kunawa. Zena akamwambia, "Mama, ungeomba tu jokofu waziwazi. Unachelewa kwa mchezo."

"Mwanangu, waziwazi tuliliomba mara ngapi? Ukimwomba mkubwa kitu, anakuona una shida. Ukimwachia shida, anakuletea mwenyewe."

Alisema hivyo, lakini akamgusa Kibwana paji la uso tena.

Mshauri mkavu akaja kukabidhi mji. Bi. Siwatu akamtembeza. Soko, lipo. Shule, ipo. Kisima, kipo. Zahanati… Bi. Siwatu akasimama mlangoni. Pembeni, sakafuni, palikuwa na alama nne za miguu, na juu yake nyaya mbili zinaning'inia ukutani kama ndevu za kambare.

"Hapa pana pengo."

"Pengo la nini?"

"Sijui Kidokta, baba. Naona pengo. Pajazwe."

Mshauri akapiga simu. Kesho yake ikaletwa picha ya Baba Mkuu, kubwa, ya kusimama. Bi. Siwatu akaitazama. "Anapendeza. Lakini Baba ana miguu miwili, na alama ziko nne." Ikaletwa meza ya hotuba. Ina mguu mmoja. Kikaletwa kile kiti cha velveti alichokalia Waziri, nacho kina miguu minne kweli, mshauri akapumua. Lakini alama za sakafuni zilikipita kwa upana, na Nesi Veneranda akauliza kwa sauti ndogo hizo nyaya mbili atazichomeka wapi kwenye velveti.

Mshauri akafuatisha alama kwa chaki kwenye karatasi kubwa, akaenda nayo mji mkuu, akazunguka nayo ofisi kwa ofisi, anainamisha kila kitu cha serikali kuangalia miguu. Mwishowe akafika Nyumba ya Maajabu.

Alilipima jokofu. Likaingia sawasawa. Akafurahi sana. Alidhani ni bahati.

*

Jokofu likarudi na lori lile lile, utepe wake ukiwa umefifia. Pazi akashika upande wa nyuma, akalia kiuno. Nesi Veneranda akachomeka nyaya, akakaa sakafuni mbele yake, akalisubiri kama mtu anayesubiri mgonjwa wake afumbue macho. Likakoroma kidogo. Likanyamaza. Likaanza kuimba ule wimbo wake mdogo.

Asubuhi yake Nesi akatia mkono ndani, akautoa, akaupeleka shavuni kwa Zena. Ulikuwa wa baridi. Chanjo ikaletwa upesi kutoka wilayani, barafu mpya, watu wakipokezana mtoni. Akina mama wa Kitopeni wakapanga foleni kuzunguka zahanati, na Kibwana alipodungwa alipiga ukelele uliosikika sokoni. Bi. Siwatu akasema hajawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Lakini hakutoa jibu. Alisubiri Waziri aje na redio.

Dokta Kanyelele akaja, akasimama ndani ya zahanati, kwa kuringa akaegemea kitu cha karibu, mkono mmoja juu ya mlango wenye mkwaruzo. "Mama, mji umekamilika. Taifa linasubiri."

"Sema kwanza, baba, redio isikie: mji umekamilika, na kila kilichomo kitakaa mahali pake siku zote."

"Mji umekamilika," Waziri akasema kwa sauti yake nene, "na kila kilichomo kitakaa mahali pake siku zote! Haya, mama!"

Mwanasheria, mlangoni, akashika kichwa tena. Hakujua kwa nini. Ilikuwa mazoea.

Bi. Siwatu akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nilikwenda Kitopeni. Nikala wali, nikanywa maji ya mtungi, nikawakuta watoto wamechanjwa wanalia kwa afya. Mgongo wake uko paani unaota jua. Tumbo lake lina baridi. Alipohama, watoto waliugua. Umemwegemea, Mheshimiwa."

Waziri akatazama mkono wake. Akatazama jokofu. Akafuata nyaya kwa macho, polepole, mpaka darini.

Mdomo ukafunguka. Pazi, kwa mazoea ya kazi, akapeleka kijiti. Vidole vinne vikapita. Kijiti kikaisha, na mdomo ulikuwa bado unaendelea.

*

Mji ukarudi serikalini siku ile ile, kama mila inavyotaka. Jokofu likabaki, kama sheria inavyotaka. Surua ilizunguka Kitopeni, ikabisha nyumba hii na ile, ikakuta wenyewe wamejiandaa, ikapita. Yule mtoto wa nyumba za juu naye akapona, ila alibaki na alama chache za vipele.

Siku hizi nasikia mbele ya geti la Redio Fahari pana foleni ya akina bibi kutoka kila pembe ya Hewala. Wa mji mmoja anasema ana mgeni mwenye taa kichwani, analia barabarani akibeba mgonjwa. Wa mji mwingine, mgeni mwenye jicho moja linaloona wadudu wasioonekana. Kila mmoja amekuja na kigoda chake na chakula chake. Mawaziri wanapita mlango wa nyuma, vidole masikioni, wasije wakasikia neno lile wakaitikia kabla hawajajizuia.

Redio nayo haikukaa kimya. Jioni moja ilipiga tarumbeta, ikatangaza kwamba wataalamu wa Wizara ya Mwitikio wamewakinga watoto wa Kitopeni na surua kwa kutumia mshangao.

Pazi alikuwa barazani, kijiti mkononi. Bi. Siwatu alikuwa anachambua mchele, Kibwana anaumwaga upya.

"Lo!" akasema Bi. Siwatu. Mdomo ulifunguka vidole vinne vizima.

Pazi akakaribia kuangusha kijiti. "Bibi! Umeshangaa kweli?"

"Kweli kabisa, mwanangu. Sikujua mtu anaweza kulisoma tangazo lile mpaka mwisho bila kucheka. Kaa ule uji."

Nami nimefika nilipofika. Asiyeamini aseme "tega" nimtegee, na akishindwa anipe mji. Ila nitaukagua kwanza.